Waya wa Shilingi 3,000

Wasomi wenzangu, nianze kwa kukiri kosa, hesabu zitafuata. Mwaka 2024 niliwashawishi wenzangu watatu ninaoishi nao geto moja kule Changanyikeni tutoe hela ya boom tuvute intaneti ya faiba. Sababu ilikuwa moja tu: muziki ulikuwa unakatika. Tukatoa hela, faiba ikaja, na muziki ukaendelea kukatika vilevile. Katikati ya hayo yote, mwenzetu mmoja alikaa karibu wiki nzima akishindia chai na andazi ili hoja yangu ipite.

Tuko wanne, na kwetu hakuna anayeitwa jina lake. Wa sheria ni Wakili, wa uhasibu ni Mhasibu, mimi wa ualimu ni Ticha, na mrefu wetu aliyetoka mwisho wa reli tunamwita Kigoma. Vyumba viwili, sebule moja, friji moja ya kurithi kutoka kwa waliotutangulia. Juu ya friji kulikuwa na vitu viwili vya thamani: ruta ya laini ya simu, na spika ndogo ya Bluetooth tuliyoinunua kwa kuchanga tulipokuwa mwaka wa kwanza.

Jumamosi ni siku ya usafi na muziki. Utaratibu ni kwamba kila mtu anachagua wimbo wake mmoja, zamu inazunguka mpaka nguo ziishe. Wakili ni amapiano. Mhasibu ni injili. Mimi Bongo Fleva. Kigoma yeye ni zilipendwa, na akishika zamu yake ni Marijani Rajab tu, Jabali la Muziki, utadhani amezaliwa 1960. Sisi watatu tulikuwa tunastrimu. Kigoma alikuwa anapiga za kwenye memori kadi yake, kwa sababu bando lake, kama alivyokuwa anasema mwenyewe, ni la kusomea.

Shida ilianza Oktoba 2024, wapangaji walipojaa mtaani baada ya chuo kufunguliwa. Wimbo unaenda vizuri, unafika kwenye kiitikio, unakwama. Unarudi. Unakwama tena. Mchana afadhali, ila jioni ndiyo balaa. Mimi nasomea fizikia na hisabati, na siwezi kupiga msuli bila muziki, kwa hiyo lilikuwa linanigusa kuliko wengine. Nikajiridhisha kwamba mchawi ni ile ruta ya laini. Jioni watu wengi wako hewani, mnara unazidiwa, wimbo unakatika. Hoja imekaa vizuri, si ndiyo? Hata leo nikiisikia kwa mtu mwingine naweza kuikubali.

Jumapili moja tukapika ugali pamoja, na baada ya kula nikaitisha kikao. Nilichora kabisa nyuma ya karatasi ya notisi. Huku intaneti ya laini: inatoka mnarani, inapita hewani, inagawanywa kwa kila mwenye simu mtaani. Huku faiba: mwanga unapita ndani ya uzi wa kioo mpaka mlangoni kwako. Nikawakumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, tulipoamka simu zinasoma mtandao lakini hakuna kinachofunguka, na hali ikawa mbovu kwa siku kadhaa. "Hayo ndiyo mambo ya kutegemea hewa," nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Kisha nikaweka bei mezani. Ruta ya laini tulikuwa tunalipia 50,000 kwa mwezi, sawa na 12,500 kila mtu. Faiba kwa kampuni niliyoiulizia ilikuwa 120,000 ya kufunga na 70,000 kwa mwezi, kasi megabiti 20 kwa sekunde, bila kikomo cha matumizi. Mwezi wa kwanza jumla 190,000. Kila mtu 47,500.

Wakili akasema sawa. Mhasibu akauliza maswali matatu ya kihasibu, akasema sawa. Kigoma akajikuna kichwa, akasema, "Ila Ticha, mbona hata zangu za kwenye memori kadi huwa zinakatika?"

Nikamjibu, "Hiyo memori kadi yako imechoka, mwanangu. Tukikuunganisha na faiba utaitupa."

Tukacheka wote. Na yeye alicheka. Akasema, "Poa, niko pamoja nanyi," na kikao kikafungwa.

Niwape sasa hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kikao, maana haihitaji digrii. Muziki wa kustrimu ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Chukua ubora wa juu wa kilobiti 320 kwa sekunde. Gawa kwa 8 upate kilobaiti 40 kwa sekunde, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja: megabaiti 144. Ukishusha ubora hadi kilobiti 96, saa moja ni kama megabaiti 43 tu. Sisi wanne tukisikiliza kwa wakati mmoja kila mtu wimbo wake, kwa ubora huo wa juu, tunahitaji megabiti 1.28 kwa sekunde. Ruta yetu ya laini, hata jioni ile mbaya kabisa niliyoipima, ilikuwa inatoa megabiti 3. Nilikuwa na jibu mkononi, nikalisoma kama ushahidi wa upande wangu. Niliona "3" nikasema "ni ndogo", bila kujiuliza ni ndogo kwa kazi gani.

Na kuna jambo la pili. Programu ya muziki haichezi kila tone la data linapofika. Inavuta mbele, inajaza kwanza akiba kama mama anavyojaza ndoo maji yakitoka, halafu inakuchezea kutoka kwenye ndoo. Mtandao ukiyumba sekunde chache, wewe husikii kitu. Ukiona muziki unakatika kila nusu dakika wakati ndoo imejaa, tatizo haliko bombani. Liko kati ya ndoo na kikombe.

Mafundi wa faiba walikuja siku ya Jumatano. Walivuta waya kutoka kwenye nguzo, wakatoboa ukuta, baba mwenye nyumba akalalamikia lile tundu, tukamtuliza. Nikapima kasi: megabiti 19. Nikapiga picha nikaweka kwenye stetasi. Jumamosi ikafika, tukawasha spika, tukatoa ndoo za nguo nje. Wimbo wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu ukakwama kwenye kiitikio.

Nilipiga simu huduma kwa wateja mara tatu wiki ile. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu kuliko mimi. Kila mara alikuwa anasema, "Kaka, huku tunaona laini yako iko sawa." Nikawa namwona mwongo. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu.

Aliyefumbua fumbo ni umeme. Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja jioni, ukakatika mtaa mzima. Hapo nikajifunza somo la kwanza la faiba: kile kiboksi cha ukutani kinakula umeme. Ukikatika, waya wako wa kioo unabaki pambo, wakati jirani mwenye bando la simu anaendelea na maisha. Tukakaa kimya sebuleni. Kigoma akasema, "Spika si ina chaji? Ngoja niwapigie mzee wangu," akafungulia Marijani Rajab kutoka kwenye memori kadi.

Zilipita nyimbo kama kumi. Hakuna iliyokatika hata mara moja. Ilikuwa jioni ileile, spika ileile, na memori kadi ileile niliyoiita imechoka. Sauti ilikuwa inatiririka mpaka Mhasibu, mtu wa injili, akawa anatikisa kichwa. Halafu umeme ukarudi. Taa za ruta juu ya friji zikaanza kuwaka moja moja. Hazikupita dakika mbili, wimbo ukakwama.

Kigoma hakunitazama. Alikuwa anaitazama ruta. Akasema polepole, "Hii haina intaneti, Ticha. Hii iko kwenye kadi."

Mimi ndiye wa fizikia. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na kwamba waifai za kawaida nazo zinatumia gigahezi 2.4 hizohizo. Sisi spika na ruta tuliviweka juu ya friji vikiwa vimegusana kama pete na kidole. Yaani ulikuwa unajaribu kumsikiliza mtu anayenong'ona huku mwenzake anapiga vuvuzela pembeni. Ongeza na waifai za wapangaji wa kushoto, kulia na ghorofani, ambazo jioni zote ziko kazini. Ongeza na simu iliyoko mfukoni mwa mtu anayefua nje, ukuta wa tofali katikati, na mwili wa binadamu ambao kwa sehemu kubwa ni maji na unameza mawimbi hayo. Msongamano ulikuwepo kweli, kama nilivyosema kwenye kikao. Ila haukuwa mnarani. Ulikuwa juu ya friji letu.

Na faiba isingeweza kuusaidia, kwa sababu waya wa kioo uliishia ukutani. Kutoka pale mpaka masikioni mwetu, safari yote ilikuwa ya hewani: ruta mpaka simu kwa waifai, simu mpaka spika kwa Bluetooth. Tulilipia 120,000 kuweka lami barabara kuu, wakati gari lilikuwa linakwama kwenye tope la uani.

Usiku ule nikafanya nilichopaswa kufanya mwezi mmoja nyuma: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Nikazima ruta, spika ikawa safi. Nikaiwasha nikaipeleka kona ya mbali, karibu na dirisha. Ikapungua kukwama lakini haikuisha. Nikahamisha simu kwenye masafa ya gigahezi 5, kwa sababu ile ruta mpya ilikuwa nayo yote mawili, ikapungua zaidi. Kesho yake nikashuka madukani, nikanunua waya wa kawaida wa spika, wenye jeki pande zote mbili, shilingi 3,000. Nikachomeka ncha moja kwenye laptopu ya Wakili, nyingine kwenye spika. Kimya. Namaanisha hakuna tena mkwamo. Mpaka leo.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilikuwa nimeshaanza kuogopa jibu la swali moja, nikaona bora nilimalize. Nikatoa ile ruta ya zamani ya laini kabatini, nikaiwekea bando dogo, nikastrimu kwa laptopu ileile na waya uleule kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne. Haukukatika wimbo hata mmoja. Waya wa 3,000 ulikuwa unatosha tangu mwanzo.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa mama ntilie wetu. Akaniuliza, "Yule mwenzenu mrefu anaumwa? Juzi hapa wiki nzima alikuwa anakuja jioni anachukua chai na andazi moja, anaondoka."

Nikahesabu siku. Ni wiki ile tuliyolipia faiba. Hela ya chakula na malazi kwenye mkopo ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, kila mmoja wetu aliijua hiyo namba usingizini. 47,500 ilikuwa karibu siku tano za maisha ya mtu. Na boom la Kigoma si la Kigoma peke yake: mdogo wake yuko sekondari, na kila likiingia, fungu linapanda kwenda nyumbani kabla yeye hajanunua hata sabuni. Hilo tulilijua wote. Siku zile alipokuwa anaaga jioni kwamba anakwenda chimbo kusoma, mimi nilimsifia mbele za watu kwamba jamaa anapiga msuli.

Nilimfuata jioni. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na samahani. Akasema, "Si kitu, Ticha. Ila nilisema kuhusu memori kadi." Basi. Hakuongeza neno. Ningependa angenitukana, ningejua pa kuiweka.

Nikamwambia nitamrudishia hela yake. Nilimpa nusu mwezi ule. Nusu ya pili nilipompelekea, Januari, aliikataa, akasema niiweke kwenye luku kama mchango wake. Sijui kama aliikataa kwa kunisamehe au kwa kutotaka kuonekana anadai. Sijawahi kumuuliza.

Sasa wapo watakaosoma hapa waseme, basi Ticha anasema faiba ni utapeli. Sisemi hivyo. Twende kwa hesabu, kila mtu ajipime geto lake.

Ukiwa peke yako, unasikiliza muziki saa tatu kwa siku kwa ubora wa kilobiti 96, mwezi mzima ni kama gigabaiti 4. Kwa kilobiti 320 ni kama gigabaiti 13. Hapo laini ya simu inakutosha, na ukipakua nyimbo ukiwa kwenye waifai ya chuo ukasikiliza bila kustrimu, unatumia karibu na bure. Mkiwa wanne kwa ubora wa juu, mnakaribia gigabaiti 52 kwa mwezi kwa muziki peke yake, kabla hamjafungua video hata moja. Hapo bando lenye kikomo linaanza kuuma, na faiba isiyo na kikomo inaanza kuwa na maana. Lakini angalia: inakuwa na maana kwa sababu ya kikomo, si kwa sababu ya kasi. Kasi ya muziki hata laini ya kawaida inayo. Faiba inang'ara kwenye mambo mengine: darasa la video ambalo hutaki sura ya mhadhiri igande, gemu ambalo kuchelewa kidogo ni kufa, kupandisha mafaili makubwa, nyumba yenye watu wengi.

Halafu jiulize unakaa pale miezi mingapi. Julai iliyofuata wote wanne tuliondoka: mimi mazoezi ya kufundisha, wengine mafunzo kwa vitendo. Faiba haiingii kwenye begi. Ilibaki ukutani Changanyikeni, na kama Mhasibu asingesimamia tuisimamishe mapema, tungekuwa tunalipia waifai ya mijusi. Ruta ya laini ndiyo niliyopanda nayo basi.

Na lile la tarehe 12 Mei 2024? Siku ile iliharibika mikongo miwili ya chini ya bahari inayopita pwani yetu, EASSy na SEACOM. Waliokuwa na laini za simu walilia, na waliokuwa na faiba walilia nao. Intaneti ya hewani ni ya hewani kutoka simu yako mpaka mnarani. Baada ya hapo, mbele ya safari, inaingia kwenye waya kama nyingine. Niliitumia siku ile kama silaha kwenye kikao, kumbe ilikuwa inapinga hoja yangu. Hakuna aliyekuwa na habari, na mimi nilikuwa naongea kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo kabla hamjachanga hela, fanyeni jaribio la Kigoma, halina gharama. Chukua wimbo ulio ndani ya simu, zima data, upige kwenye spika hiyohiyo, mahali hapohapo, saa hiyohiyo unayosumbuliwa. Ukikatika, usimlaumu mtu wa mtandao. Tenganisha spika na ruta, au tafuta waya. Usipokatika, basi ndiyo ukapime laini yako.

Nikiwa mazoezini, kidato cha tatu, tulikuwa tunaunganisha saketi ya balbu na betri. Kundi moja balbu haikuwaka. Nikawaambia betri imekwisha, nikageuka kwenda kuleta nyingine. Kijana mmoja wa benchi la nyuma, asiyesemaga kitu, akasema, "Mwalimu, betri ni nzima. Waya haujachunwa ncha." Wenzake wakaanza kucheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kuchekesha.

Nikaufunga mdomo. Nikarudi mezani, nikauinua ule waya, nikautazama. Haukuwa umechunwa.